Taa za Wavuvi wa Sambaza: Kupiga Picha za Usiku kwa Kamera ya Filamu Inayojipimia Mwanga

"Kla." Halafu kimya.

Papa sentineli, mlinzi wetu wa usiku aliyekuwa akiota moto wa jiko karibu na mlango, alisubiri. Akanitazama, akaitazama kamera juu ya miguu yake mitatu, akalitazama ziwa. Nusu dakika ikapita.

"Kijana, hii mashini imekufa?"

"Apana papa, iko inakula mwangaza."

Akacheka, akarudi kwenye jiko lake. Muda mfupi baadaye kamera ikajifunga yenyewe bila mtu kuigusa: "klak."

Tangu jioni ile pale Nguba, hapa Bukavu, sijapata neno bora zaidi la kueleza jambo hili. Mchana filamu hula mara moja na kushiba, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku chakula ni kichache, kwa hiyo mlo unachukua muda mrefu. Kuna kamera za zamani za filamu zinazoweza kusimamia mlo huo zenyewe: wewe unachagua tundu la lenzi linalopitisha mwanga, zenyewe zinaamua shata (kilango kinachofunika filamu) ikae wazi sekunde 5, 30 au hata dakika mbili, kisha zinafunga. Mwongozo huu ni wa kamera hizo. Mfano wangu ni taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa hapa, juu ya Ziwa Kivu, kwa sababu ndizo ninazoziona kutoka barazani, ila njia ni ileile ukipiga taa za mlima wa Kadutu au barabara ya Nyawera baada ya mvua.

Jambo moja nilitangulize, maana nimelipia roli kadhaa kulijifunza. Usiku kamera inayojipimia hukosea mara mbili. Kosa moja huifanya picha iwe nyeupe kupita kiasi, kosa la pili huifanya iwe nyeusi. Mara nyingi makosa hayo mawili yanasawazishana, picha inatoka vizuri, na mpiga picha anajidhania fundi. Kisha inakuja jioni ambayo yote mawili yanavuta upande mmoja, na karibu roli nzima inatoka tupu. Nitafika huko kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 1: Hakikisha kamera yako inajua kusubiri

Zipo kamera za chuma tupu kama Zenit, Pentax K1000 na Nikon FM. Nzuri sana, lakini usiku utaziweka kwenye B (shata inabaki wazi kadiri unavyobonyeza) na kuhesabu mwenyewe. Tuziache.

Zipo zinazojipimia lakini zinaogopa giza. Olympus Trip 35 huinua kibendera chekundu ndani ya kidirisha cha kutazamia na kugoma kabisa. Canon AE-1, ambayo bado imelala kwenye makabati ya familia nyingi, inachagua tundu na si muda, na muda wake mrefu kuliko yote ni sekunde 2.

Tunazozitaka ni zile ambazo wewe unaweka tundu na zenyewe zinaweka muda, tena muda usio na ngazi. Olympus OM-2 ya mwaka 1975 inafika kama sekunde 60, na ndugu yake OM-2n kama 120. Nikon FE ya 1978 inaandika sekunde 8 kwenye kidirisha lakini ikiwa kwenye A (kujipimia) inaendelea kupita hapo. Pentax LX ya 1980 ina sifa ya uvumilivu kuliko zote. Yashica Electro 35 ya miaka ya 1960, ile yenye kitaa cha njano kinachowaka mwanga ukiwa mdogo, inafika kama sekunde 30. Hata Olympus XA inayoingia mfukoni inasubiri hadi sekunde 10.

Ukiokota kamera usiyoijua, ijaribu bila filamu. Weka kwenye A, funga tundu hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), funika lenzi kwa kifuniko chake, pamoja na jicho la mita (kipimo cha mwanga) kama liko nje ya lenzi, fyatua. Ikilia klak papo hapo, haijui kusubiri. Ikikaa wazi, umepata. Sasa, huku shata ikiwa bado wazi, toa kifuniko na uielekeze lenzi kwenye balbu. Hapa ndipo utakapoijua tabia yake. Ikijifunga mara moja, basi inaendelea kupima mwanga wakati shata iko wazi. Ikiendelea kusubiri kana kwamba hakuna kilichobadilika, basi iliamua tangu mwanzo na haisikii tena. Kwa hiyo ya pili, iondoe kwenye A ili ifunge. OM-2 ikikwama kioo kikiwa juu, zungusha swichi yake hadi kwenye RESET.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kwenye FE, kioo kikishainuka, jicho la mita halipati tena mwanga wa lenzi, kwa hiyo kamera inashika ilichokiona dakika ya mwisho kabla ya kufyatuka. Kwenye OM-2 macho yako chini, ndani ya chumba cha kioo, yanaitazama filamu yenyewe na kupima mwanga unaodunda kutoka juu yake. Sasa fikiria mji wetu. Jioni moja nilikuwa na FE ya kuazima, taa za Muhumba zinametameta juu ya maji, kamera imeamua sekunde 20 hivi. Katika sekunde ya tano umeme ukakatika, mtaa mzima giza. FE ikamaliza sekunde zake kama ilivyojiapia, na nikapata negativu (filamu iliyosafishwa, weusi na weupe vikiwa kinyume) yenye kitu kama kivuli cha moshi. OM-2 ingesubiri. Mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka bila kupiga hodi, ningemshauri mtu anunue ile inayopima hadi mwisho.

Hatua ya 2: Betri

Shata ikiwa wazi kwa amri ya umeme, kuna sumaku inayoishika, na sumaku hiyo inakula betri muda wote. Picha za mchana hazimalizi betri, za usiku zinamaliza. OM-2 na FE hutumia vibetri viwili vya kifungo. Vile vya sokoni vya kikokotoo, LR44, vinafaa kwa dharura, lakini nguvu yake hushuka polepole kadiri vinavyotumika. SR44 hukaa na nguvu ileile hadi siku ya kufa. Ukiweza kuagiza, agiza SR44 sita, viwili kwenye kamera na vinne mfukoni. Electro 35 ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6 ambayo haiuzwi tena. Watu huweka ya volti 6 na kipande cha kuziba nafasi, na inafanya kazi.

Hatua ya 3: Chagua filamu, na ujue inavyochoka

Filamu ina udhaifu mmoja ambao mtu aliyekulia kwenye simu haujui. Mwanga ukiwa hafifu sana na muda ukiwa mrefu, filamu huanza kuchoka. Sekunde ya kumi haiandiki kwa nguvu sawa na ya kwanza. Kamera haijui hilo; inapima mwanga, haipimi uchovu. Ikikuambia sekunde 10 zinatosha, huenda filamu inataka 20.

Ilford, watengenezaji wa filamu, wameandika uchovu wa filamu zao kwa hesabu ya kipeo: unachukua muda uliopimwa, unaupandisha kwa kipeo cha 1.31 kwa HP5 Plus, 1.26 kwa FP4 Plus. Nimekufanyia hesabu ya HP5, ambayo ndiyo ninayotumia. Mita ikisema sekunde 4, filamu inataka 6. Ikisema 10, inataka 20. Ikisema 30, inataka 86. Ikisema 60, inataka 213, yaani dakika tatu na nusu. Angalia jinsi pengo linavyopanuka. Andika namba hizo kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na ukibandike nyuma ya kamera.

Kodak Tri-X huchoka haraka zaidi. Jedwali la Kodak linataka sekunde 50 pale mita inaposema 10. Fujifilm Acros II ndiyo shujaa: haihitaji nyongeza yoyote hadi sekunde 120. Unaweza kudhani basi Acros ndiyo jibu la kila kitu. Silo, na sababu inakuja.

Filamu za rangi nazo huchoka, tena kila tabaka la rangi kwa mwendo wake, ndiyo maana picha ndefu za usiku zinatoka na kijani au zambarau ambayo hukuiona kwa macho. Wengine wanaipenda. Mimi nimebaki kwenye nyeusi na nyeupe, kwa kiasi fulani kwa sababu naweza kuisafisha mwenyewe jikoni. Roli zangu hunifikia kwa mikono ya ndugu wanaorudi kutoka Nairobi au Kigali, na ninawasihi kila mara: uwanja wa ndege usiweke roli kwenye begi linaloshuka tumboni mwa ndege, zishike mkononi na uombe zikaguliwe kwa mkono.

Hatua ya 4: Chagua siku na mahali

Sambaza hawakuzaliwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanavuliwa kwa taa: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinaning'inia juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga. Kwa hiyo mbalamwezi ni adui wa mvuvi. Ziwa zima likiwa jeupe, taa yake haimvutii samaki yeyote. Tafuta siku za giza, kabla na baada ya mwezi mwandamo, ndipo taa huwa nyingi.

Kuhusu saa: hapa tuko karibu na ikweta, jua linazama mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, likitofautiana kwa nusu saa hivi tu. Na likizama, halichelewi. Una kama dakika ishirini za anga ya buluu ambayo bado inaonyesha milima, ufuko na umbo la mitumbwi. Baada ya hapo ni weusi na nukta za taa. Ukifika barazani saa kumi na mbili na nusu ndipo uanze kufungua stendi, umekwisha kosa nusu ya picha. Mimi huwa nimeshaweka kila kitu saa kumi na moja na nusu.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, hakuna mvua lakini kuna moshi na vumbi linalofunika ng'ambo. Majira ya mvua anga husafishika baada ya kunyesha, ila ukungu hupanda kutoka ziwani ghafla.

Sasa la usalama, ambalo haliko kwenye vitabu vya Wazungu. Miguu mitatu ya chuma na kitu cheusi juu yake, gizani, inafanana na kitu kingine kabisa. Usiibebe barabarani usiku. Piga kutoka ndani ya ua wa nyumba unayoijua, waambie majirani na chefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) mapema, na usielekeze lenzi kwenye daraja la Ruzizi, kwenye mpaka, wala kwa mtu mwenye silaha, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Ziwa ni kubwa. Geuka upande mwingine.

Hatua ya 5: Isimamishe isitikisike

Stendi nzito kuliko nyepesi. Usivute nguzo yake ya katikati juu, fungua miguu kwanza. Upepo wa ziwa ukivuma, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati. Huna stendi? Mfuko wa kilo mbili za maharagwe juu ya ukuta wa baraza unaikumbatia kamera vizuri kuliko stendi nyingi za bei rahisi. Nimepiga roli nzima hivyo, na maharagwe tukala.

Tumia waya wa kufyatulia, ule mwembamba unaojipinda. Kama huna, tumia saa ya kamera yenyewe ili mkono uwe umeondoka wakati shata inafunguka. Watu wengi wanaogopa mtikisiko wa kioo kinapoinuka. Kwa sekunde 30 hauonekani, kwa sababu unakwisha kabla filamu haijala chochote cha maana. Unaharibu zaidi picha za kati, tuseme sehemu ya kumi na tano ya sekunde hadi sekunde moja. Saa ya buluu inaweza kuwa na muda huo, basi hapo kaza kila skrubu.

Hatua ya 6: Fokasi na tundu

Gizani kidirisha hakikuonyeshi kitu. Fokasi kwenye taa ya mbali zaidi, zungusha hadi iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bandika kipande cha utepe kwenye pete isihame. Lenzi nyingi za zamani zinagota zenyewe kwenye alama ya mbali kabisa, na hapo unaweza kuziamini.

Tundu: f/4 hadi f/8. Ukifungua zaidi, nukta za taa pembeni mwa picha zinakuwa na mabawa kama kumbikumbi. Ukifunga hadi f/16, kila taa inakuwa nyota yenye miale, na idadi ya miale inatoka kwenye mapanga ya tundu: mapanga 6 hutoa miale 6, mapanga 7 hutoa 14. Inapendeza mara moja au mbili. Lakini f/16 usiku inakupeleka kwenye dakika nyingi na uchovu mkubwa, na OM-2 itagonga ukomo wake kabla haijashiba.

Hatua ya 7: Jua muda kabla ya kufyatua

Sindano ya OM-2 inaishia sekunde 1, ya FE inaishia 8. Ili kuamua kama filamu itachoka, unahitaji kujua kamera inaelekea wapi. Ujanja ni huu. Zungusha tundu hadi f/2 na ISO (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga) hadi 1600, usome sindano. Tuseme imesimama kwenye nusu sekunde. Kurudi kutoka f/2 hadi f/4 ni stopu mbili. Kutoka ISO 1600 hadi 400 ni stopu mbili tena. Stopu moja ni mara mbili ya muda, nne ni mara kumi na sita. Nusu sekunde mara 16 ni sekunde 8. Basi.

Kisha rudisha ISO. Nasema tena, kwa sababu nimeisahau mara tatu: rudisha ISO.

Giza likizidi sana hata huo ujanja hausaidii, sindano inalala chini tu. Hapo fyatua na uhesabu kwa saa ya mkononi. Fremu ya kwanza ndiyo kipimo cha ya pili.

Hatua ya 8: Amua kama utaiamini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kosa la kwanza la kamera ni la macho. Kila mita ilitengenezwa ikiamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Uionyeshe ziwa jeusi na anga nyeusi, itajitahidi kuvifanya kijivu, na usiku wako utatoka kama alasiri yenye mawingu, taa zimevimba. Kwenye picha yenye weusi mwingi inaongeza mwanga kwa stopu mbili hivi kuliko unavyotaka.

Kosa la pili ni lile la uchovu. HP5 kwenye sekunde 30 inapoteza stopu moja na nusu. Kwenye sekunde 60 inakaribia stopu mbili.

Sasa ziweke pamoja. Ziwa jeusi, taa ndogo za mbali, HP5, tundu f/4, kamera inaelekea sekunde 40. Mita inazidisha stopu mbili, filamu inapoteza karibu stopu mbili. Zinakutana katikati. Weka ISO 400, usiguse kitu, fyatua. Usiku utatoka kama usiku. Watu wakikuambia OM-2 ina uchawi gizani, uchawi wenyewe ni huo: kosa limefuta kosa.

Ila badilisha kitu kimoja tu na mizani inainama.

Badilisha filamu, weka Acros II. Haichoki, kwa hiyo hakuna wa kulipunguza kosa la mita. Usiku wako unakuwa mchana. Hapo inakubidi uidanganye kamera kinyume: filamu ni 100, wewe weka ISO 400.

Badilisha saa, piga wakati wa buluu. Anga ina mwanga sawa, karibu kijivu kile mita inachokipenda, muda hauzidi sekunde 4 hivi. Makosa yote mawili ni madogo. Iamini, au ongeza nusu stopu.

Ingiza taa kubwa ndani ya fremu, tuseme taa ya barabara au mtumbwi uliokuja karibu na ufuko. Mita inaiona taa hiyo na kudhani kuna mwanga wa kutosha, inafunga mapema, na vitu vingine vyote vinazama. Ongeza stopu moja hadi mbili, yaani ISO 200 au 100 kwa filamu ya 400, ama zungusha pete ya kusahihisha hadi +1 au +2. Afadhali zaidi, sogeza kamera taa itoke nje ya fremu.

Na ukungu. Roli yangu ya kwanza kabisa niliipiga Novemba, ziwa limefunikwa na ukungu mweupe uliomulikwa kwa chini na taa za wavuvi. Sijaona tena kitu kizuri kama kile. Ukungu ni mweupe kuliko kijivu, kwa hiyo mita inapunguza. Filamu inachoka, kwa hiyo nayo inapunguza. Makosa mawili bega kwa bega, yanavuta kamba upande mmoja. Katika fremu thelathini na sita nilipata kama sita zenye kitu. Ukungu ukiingia, HP5 yako iweke ISO 100 bila kujadiliana na mtu.

Hatua ya 9: Fyatua, kisha kaa mbali

Kama kamera yako ni ya aina ya FE, funga kidirisha cha kutazamia kabla ya kufyatua.  Kifunike kwa kidole au kitambaa. Taa ya baraza iliyo nyuma yako ikiingia kwa mlango huo wa nyuma, mita inadhani ni mwanga wa ziwa. OM-2 haijali sana, kwa sababu kioo kikiinuka kinaziba njia hiyo, na macho yake yako chini.

Fyatua. Sasa ondoka. Usiegemee ukuta ambao kamera imelalia. Usitembee juu ya mbao za baraza.

Mitumbwi haitulii, hata wavuvi wakiwa wamesimama. Ndani ya sekunde 5 taa inabaki nukta. Ndani ya sekunde 40 inakuwa mstari mfupi unaopindapinda, kama mwandiko wa mtoto. Mtumbwi unaopigwa kasia kurudi ufukoni unaacha uzi mrefu, wenye vivimbe vidogo kila taa inapoyumba kwa pigo la kasia. Kama unataka nukta, fungua tundu na ukubali muda mfupi. Kama unataka uzi, funga. Mimi nataka uzi.

Pikipiki ikipita na taa yake ikafagia ukutani mbele yako, funika lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa. Kamera inayopima hadi mwisho itakungoja: kofia ikiwepo haihesabu chochote, ikitoka inaendelea kula. Kwa FE, sekunde za kofia ni sekunde zilizopotea. Hapo heri uiache pikipiki iingie kwenye picha.

Piga kila mandhari mara tatu ukiweza: ISO 400, 200, 100. Filamu ni ghali, najua. Lakini jioni ya giza yenye taa nyingi na anga safi haiji kila wiki.

Hatua ya 10: Daftari na kusafisha

Andika kila fremu: tundu, ISO uliyoweka, sekunde ulizohesabu, hali ya anga. Kamera hizi hazikumbuki lolote. Baada ya roli mbili daftari lako litakuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu litakuwa la kamera yako, na mita za miaka arobaini na zaidi kila moja ina wazimu wake.

Ukisafisha mwenyewe, punguza kidogo muda wa dawa. Uchovu unayaumiza maeneo ya giza kuliko ya taa, kwa hiyo negativu hutoka na weusi na weupe uliokazana. HP5 kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchukua dakika 13 kwenye nyuzi 20. Kwa roli za usiku mimi naitoa kwenye dakika 11 na nusu. Pima joto la maji kweli, usikisie kwa kidole.

Ukipeleka kwa fundi, kuna hatari ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Fremu ya usiku haina kingo. Pembeni ni weusi, na nafasi kati ya fremu na fremu haina alama. Kwenye negativu vyote viwili ni sehemu tupu. Anayekata roli vipande vya sita hajui picha inaanzia wapi, na kwangu mkasi umewahi kupita katikati ya ziwa. Mwambie asikate, aiviringishe nzima. Au fanya ninavyofanya siku hizi: fremu ya kwanza ipigwe mchana, yenye kingo zinazoonekana wazi, ili fundi apime kutoka hapo. Ndiyo maana kila roli yangu ya usiku inaanza na papa sentineli, saa kumi na moja jioni, amesimama mbele ya mlango na redio yake mkononi, akiuliza kama safari hii mashini imekula vizuri.